“Reason of” au “reason for”? Naomba ufafanuzi wa kihusishi kinachofuata neno hili

Mwandika Ripoti anauliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu katika jambo lililonisumbua kwa majuma kadhaa sasa. Kamusi nilizo nazo zinanipa maana ya kila neno la Kiingereza ninalolitafuta, lakini hazinionyeshi neno hilo hupenda kuandamana na lipi.

Kazini huandika ripoti kwa Kiingereza, ingawa lugha ninayofikiria ni Kiswahili. Katika ripoti ya mwisho niliandika “The reason of the delay was the late arrival of the equipment”, nikikusudia kusema kwamba sababu ya ucheleweshaji ilikuwa kuchelewa kufika kwa vifaa. Mhariri alikata “of” akaweka “for”. Nilikubali bila kinyongo. Ukurasa uliofuata nilikuwa nimeandika “the cause of the delay”, na hapo hakugusa kitu. Nikadhani amepitiwa, nikabadilisha mwenyewe ikawa “the cause for the delay” ili ripoti nzima ifuate utaratibu mmoja. Rasimu iliporudi, “of” ilikuwa imerejeshwa mahali pake. Hata hivyo, katika aya ya mwisho ya ripoti hiyo hiyo mhariri mwenyewe aliongeza sentensi isemayo “There is no cause for alarm”, yaani hakuna sababu ya kuwa na hofu, na hapo “cause” ikaandamana na “for” bila tatizo lolote.

Kwa Kiswahili, vyote hivyo ni “sababu ya”. Sababu ya ucheleweshaji, sababu ya ajali, sababu ya kuwa na hofu: neno ni moja na kiunganishi ni kimoja. Juu ya hayo nimeona tangazo lililoandikwa “for reasons of safety”, na hapo “reason” imefuatwa na “of” ile ile niliyokatazwa.

Jambo la pili linahusu kinachokuja baada ya “for”. Niliandika “the reason for we stopped the work” nikapigiwa mstari mwekundu. Nikaandika “the reason for to stop the work” nikapigiwa mstari mwingine. Je, kuna kanuni inayounganisha mambo haya, au kila kirai kinapaswa kukaririwa peke yake? Niko tayari kukariri ikiwa hapana budi, lakini ningependa kwanza kuelewa.

Mfasiri anajibu:

Ndugu Mwandika Ripoti, mhariri wako hakukosea hata mahali pamoja, na wewe unastahili maelezo zaidi ya mstari mwekundu. Tuanze na Kiswahili chenyewe, kwa kuwa ndiko kosa lilikozaliwa.

A-unganifu yetu ina mikono mingi mno. Jibu la swali, ufunguo wa mlango, ongezeko la bei, mahitaji ya maji, uharibifu wa mazingira, sababu ya kuchelewa: yote hayo yamefungwa kwa “-a” moja inayobadilisha kiambishi chake cha mbele kulingana na ngeli ya nomino inayotangulia. Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kuchagua, kwa sababu ngeli imekwisha kumchagulia. Kiingereza hakina ngeli, lakini nomino zake nyingi zina kihusishi zilichokizoea, na mazoea hayo yana nguvu karibu sawa na upatanisho wetu wa kisarufi. Ndiyo maana wenyewe husema “answer to the question”, “key to the door”, “increase in prices”, “demand for water” na “damage to the environment”. Anayetafsiri “-a” kwa “of” kila mahali atapatia mara nyingi, maana “of” kweli ndiyo iliyo karibu zaidi na “-a” yetu. Hapo ndipo ugumu wa kosa hili ulipo, kwa sababu ni vigumu kuacha mazoea ambayo mara nyingi hukupa jibu sahihi.

Sasa tuje kwenye “sababu”. Neno hili la Kiswahili limebeba maana mbili ambazo Kiingereza kimezigawa kwa maneno mawili. Maana ya kwanza ni kitu kilicholeta kitu kingine, na kwa maana hiyo tunaweza pia kusema chanzo, asili au chimbuko. Maana ya pili ni maelezo au hoja ambayo mtu huitoa ili jambo lieleweke au likubalike, na kwa maana hiyo tunaweza kusema hoja, udhuru au msingi. “Cause” ni ya maana ya kwanza na “reason” ni ya maana ya pili.

Ukitazama majirani wa kila neno utaona kwamba kila ukoo una kihusishi chake. Ukoo wa chanzo huandamana na “of”: “cause of”, “source of”, “origin of”, “root of”, na hata upande wa matokeo, “result of” na “consequence of”. Ukoo wa hoja na udhuru huandamana na “for”: “reason for”, “excuse for”, “justification for”, “motive for”, “grounds for”, “argument for”. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni neno “explanation”, kwa kuwa hilo hukaa katika koo zote mbili na hubadilisha kihusishi kadiri linavyobadilisha maana. “An explanation of the rules” ni ufafanuzi wa kanuni, yaani kanuni zenyewe zinasema nini. “An explanation for your absence” ni maelezo ya kwa nini hukuwapo, na hayo tayari yamekaribia udhuru.

Hii ndiyo inayotatua “no cause for alarm”. Katika kirai hicho “cause” haimaanishi chanzo tena. Hakuna anayesema kwamba hofu haina kitu kilichoizaa. Anachosema ni kwamba hakuna jambo la kuihalalisha. Neno limehamia ukoo wa udhuru, nalo likachukua kihusishi cha ukoo huo. Hali ni hiyo hiyo katika “cause for concern” na “cause for celebration”. Utaona pia kwamba katika virai hivyo “cause” kwa kawaida haitanguliwi na “the”, ilhali chanzo cha tukio mahususi huandikwa “the cause of the fire”, “the cause of the error”. Kwa hiyo macho yako yakikutana na “cause” iliyo uchi, bila “the” mbele yake, jiandae kuiona “for” nyuma yake.

Kipimo ninachokitumia mwenyewe ninapotafsiri ni kurudi kwenye Kiswahili na kujaribu kubadilisha neno. Nikiweza kuweka “chanzo” badala ya “sababu” na sentensi ikabaki na maana ile ile, ninaandika “cause of”. Nikiona kwamba “hoja” au “udhuru” ndilo linaloingia vizuri, ninaandika “reason for”. Chanzo cha kifo ni “cause of death”, na hivyo ndivyo daktari anavyoandika kwenye cheti. Lakini fomu ya kuombea kazi inapotaka kujua kwa nini uliacha kazi ya awali, huandikwa “reason for leaving”, kwa kuwa kuacha kazi ni uamuzi wa mtu, na uamuzi una hoja.

Ni lazima niseme ukweli kwamba mpaka huu si ukuta. Ucheleweshaji wako ungeweza kuitwa “the cause of the delay” au “the reason for the delay”, na yote mawili ni Kiingereza safi, kwa sababu tukio lisilo na nia ya mtu nalo huhitaji maelezo. Unayo ruhusa ya kuchagua nomino. Ukishaichagua, ruhusa imekwisha, maana kihusishi hufuata nomino hata pale ambapo maana zimekaribiana sana. Tazama neno “purpose”, ambalo kwa maana liko jirani kabisa na “reason”: fomu za uhamiaji huuliza “purpose of visit”, kwa “of”, huku fomu za hospitali zikiuliza “reason for visit”, kwa “for”.

Mpenda Sarufi anajibu:

Namshukuru Mfasiri kwa maelezo yake ya koo mbili, nami nayakubali, lakini nadhani yameacha nje kitu ambacho ndicho kiini cha “for reasons of safety”. Kitu hicho ni mwelekeo.

Tazama virai viwili vya Kiswahili: “kwa sababu ya mvua” na “sababu ya kuchelewa”. Katika cha kwanza, kinachofuata “ya” ndicho sababu yenyewe, kwa maana mvua ndiyo iliyoleta jambo. Katika cha pili, kinachofuata “ya” ndicho kinachohitaji sababu, kwa maana kuchelewa ndiko kulikoletwa na jambo jingine. “Ya” yetu inatazama pande zote mbili. Mtu akiandika “sababu ya mvua” peke yake, hujui kama anauliza mvua imeletwa na nini au anasema mvua imeleta nini, mpaka usome sentensi nzima. Neno “sababu” tumelipata kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu cha kale “sabab” ni pia kamba. Kamba ina ncha mbili, na a-unganifu yetu hushika ncha yoyote.

Baada ya “reason”, Kiingereza cha leo kimegawa ncha hizo. “For” hushika ncha ya jambo linaloelezwa, na “of” hushika ncha ya sababu yenyewe. “The reason for the closure” ni sababu ya kufungwa, kwa hiyo kufungwa ndiko kunakoelezwa. “Closed for reasons of safety” ni kwamba pamefungwa na usalama ndio sababu. Kwa hiyo tangazo ulilolisoma halikuvunja kanuni uliyofundishwa na mhariri wako, kwa kuwa lilikuwa limeshika ncha nyingine.

Kiswahili nacho kinaweza kuonyesha tofauti hii kama tukikiruhusu. Ukiweza kuongeza “ki-” kwenye neno linalofuata, basi neno hilo ndilo sababu yenyewe: sababu za kiusalama, sababu za kiafya, sababu za kisiasa. Hapo utaandika “reasons of safety”, “reasons of health”, “political reasons”. Katika maandishi ya kawaida “safety reasons” na “health reasons” hutumika zaidi, na ile yenye “of” ina sauti ya kirasmi kidogo. Lakini “ki-” ikikataa, kama inavyokataa katika “sababu ya kufungwa kwa ofisi”, basi “of” nayo itakataa.

Mwelekeo huu huu ndio unaoeleza “because of”, ambayo nadhani ndiyo inayowapotosha wengi wetu. Tumejifunza mapema kwamba “kwa sababu ya” ni “because of”, tukaiondoa “kwa”, tukabaki na “sababu ya”, tukadhani kwamba “of” nayo itabaki. Neno “because” katika karne ya 14 lilikuwa likiandikwa kama maneno mawili, “bi cause”, kwa kuiga Kifaransa, na kinachofuata “because of” daima ni sababu yenyewe. “Because of the rain” inatazama upande wa mvua. Vivyo hivyo kirai cha kisheria “by reason of”, ambacho bado ki hai: hukumu inayoitwa “not guilty by reason of insanity”, iliyorejeshwa Uingereza kwa sheria ya mwaka 1964, inasema kwamba mshtakiwa hana hatia na kwamba maradhi ya akili ndiyo sababu. Hakuna anayeuliza hapo maradhi hayo yameletwa na nini.

Kuna ushahidi mmoja unaokwenda kinyume, nami sitaki kuuficha. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, mstari wa 15, ina maneno “a reason of the hope that is in you”. Tumaini hapo ndilo linaloelezwa, na bado kihusishi ni “of”. Kiingereza cha wakati ule kiliruhusu hivyo. Tafsiri za siku hizi za mstari huo huo zimeandika “the reason for the hope”. Ukikutana na “reason of” ya namna hiyo katika maandishi ya kale, isome kwa heshima, lakini usiichukue kwenda nayo kwenye ripoti.

Mwandika Ripoti:

Nawashukuru nyote wawili kwa moyo wote. Habari ya ncha mbili imenifungua macho kuliko kitu chochote nilichosoma juu ya vihusishi, na nimerudia ripoti zangu za zamani nikaona kwamba karibu makosa yangu yote ya “reason of” yanatoka mahali alipopataja Mpenda Sarufi, yaani kwenye “kwa sababu ya” iliyokatwa kichwa.

Bado sijapata jibu la swali langu la pili. Niruhusuni niweke sentensi tatu nilizoandika hivi karibuni ili mnisahihishe. Ya kwanza: “The reason for we did not reply is because the letter was lost.” Ya pili: “The manager had no reason for to refuse.” Ya tatu: “Because of this reason, the meeting was postponed.” Ninahisi kwamba zote zina kasoro, ila katika ya tatu sijui kasoro iko wapi hasa.

Mwalimu wa Jioni anajibu:

Mwandika Ripoti, nimefundisha Kiingereza kwa watu wazima kwa miaka mingi, na sentensi zako tatu ningeweza kuziandika ubaoni kabla hujazituma, kwa sababu kila darasa hunipa hizo hizo. Nazichukua moja moja, lakini nitakaa zaidi kwenye ya pili, maana ndiyo yenye mafunzo mengi.

Katika ya kwanza, “for” ni kihusishi, na kihusishi hudai nomino au kitu kilichovaa sura ya nomino. “We did not reply” ni sentensi kamili yenye mtenda na kitenzi chake, kwa hiyo haiwezi kukaa baada ya “for”. Una njia mbili. Ukitaka kuibakiza sentensi, iondoe “for”: “The reason we did not reply”, au “the reason why we did not reply”. Wako wanaodai kwamba “reason why” ni kurudia jambo moja mara mbili, lakini imetumiwa na waandishi wazuri kwa karne nyingi, nami sijawahi kumkata mwanafunzi alama kwa ajili yake. Ukitaka kuibakiza “for”, igeuze sentensi iwe nomino: “Our reason for not replying”. Kiswahili kinakusaidia sana hapa, kwa kuwa “kutojibu” tayari ni kitenzi-jina chenye ukanushaji ndani yake, na “not replying” ni “kutojibu” neno kwa neno.

Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo ina kosa jingine. “The reason is because” husikika sana katika mazungumzo, na wenye lugha wenyewe huitumia, lakini katika maandishi rasmi wahariri wengi huikataa na kutaka “the reason is that”. Sikio lako la Kiswahili linajua kwa nini. Huwezi kuandika “sababu ni kwa sababu barua ilipotea”. Utaandika “sababu ni kwamba barua ilipotea”. Iamini hisia hiyo unapovuka kwenda kwenye Kiingereza. Sentensi yako basi itakuwa: “The reason we did not reply is that the letter was lost.”

Sasa ya pili. Kitenzi-jina chetu cha “ku-” ni kimoja, lakini Kiingereza kina sura mbili zinazogombania nafasi hiyo, “to refuse” na “refusing”. Baada ya “for” hukaa “refusing” peke yake, na “for to” ni mchanganyiko ambao Kiingereza sanifu cha leo hakiukubali. Lakini usidhani kwamba inatosha kuifuta moja ya hizo mbili na kuendelea na safari, kwa sababu “reason to refuse” na “reason for refusing” mara nyingi hazisemi jambo moja.

“Reason to” hutazama mbele. Ni msingi wa kutenda jambo ambalo huenda halijatendwa na pengine halitatendwa kamwe. “She had no reason to leave” ni kwamba hakukuwa na jambo la kumfanya aondoke, na msomaji hajui bado kama aliondoka. “Reason for leaving” kwa kawaida hutazama tendo lililokwisha kutokea au kuamuliwa. “She gave no reason for leaving” ni kwamba aliondoka, au ameazimia kuondoka, na hakueleza kwa nini. Nimegundua kwamba wanafunzi wangu huipata tofauti hii haraka nikiwauliza kama wangeongeza “kwake” katika Kiswahili. “Hakutoa sababu ya kuondoka kwake” inakubali “kwake” vizuri, kwa kuwa kuondoka ni tukio linalojulikana lenye mwenyewe, na hapo tunaandika “for leaving”. “Hakuwa na sababu ya kuondoka” haitaki “kwake”, kwa kuwa kuondoka ni wazo tu, na hapo tunaandika “to leave”. Kipimo hiki si cha sheria, na utakutana na sentensi zitakazokikwepa, lakini kitakufikisha mbali.

Ndiyo maana virai vya kuamini na kushuku hupenda “to”: “We have reason to believe”, “There is every reason to expect”, “I have no reason to doubt his word”. Meneja wako, ikiwa ulitaka kusema kwamba hapakuwa na jambo la kumfanya akatae, ataandikiwa “The manager had no reason to refuse.” Ikiwa alikwisha kukataa na wewe unalalamika kwamba hakueleza, utaandika “The manager gave no reason for refusing”, au kwa nomino kamili, “for his refusal”. Nakusihi uchague kwa uangalifu, maana katika ripoti ya kazini sentensi hizi mbili zinaweza kumwekea mtu lawama tofauti kabisa.

Ya tatu nawaachia waliotangulia, kwa kuwa inahusu ncha za kamba.

Mfasiri:

Nakubali sahihisho la Mpenda Sarufi. Mimi nilitazama ukoo wa nomino tu, nikasahau kwamba “of” ile ile inaweza kuelekea upande mwingine. Nina swali moja dogo kwa Mwalimu wa Jioni: “the reason behind” unaiweka wapi? Naiona sana katika magazeti.

Mwalimu wa Jioni:

Ni sahihi. “The reason behind the decision” hudokeza kwamba sababu haikuwa wazi na mtu amelazimika kuitafuta, ilhali “the reason for the decision” haidokezi hivyo. Kosa ninaloliona ni kuvirundika vihusishi viwili pamoja, kama “the reason behind for the decision”, au kuandika “the reason behind why”. Kimoja kinatosha.

Mpenda Sarufi:

Nami nimalizie sentensi ya tatu ya Mwandika Ripoti. Kasoro ya “Because of this reason” ni kwamba sababu imetajwa mara mbili. “Cause” imo ndani ya “because”, kama tulivyoona, kisha unaileta “reason” kufanya kazi ile ile. Ni kama kuandika “kwa sababu ya sababu hii”. “Due to this reason” ina kasoro hiyo hiyo, ingawa watu wengi huiona kuwa ya kirasmi zaidi na kwa hiyo salama.

“Reason” inapohitaji “kwa” mbele yake, kihusishi chake ni “for” pia: “for this reason”, “for some reason”, “for what reason”, na ile uliyoisoma kwenye tangazo, “for reasons of safety”. Andika “For this reason, the meeting was postponed.” Na ikiwa sababu ni fupi kiasi cha kutajwa hapo hapo, liache neno “reason” kabisa, uandike “The meeting was postponed because of the storm.”

Mwandika Ripoti:

Nimeelewa. Nimeirudia aya ya kwanza ya ripoti hivi: “The reason for the delay was the late arrival of the equipment. The supplier gave no reason for sending it late, and we had no reason to expect a problem. For this reason, the work began two weeks behind schedule.” Naomba mnitazamie kama kuna kihusishi kilichokaa vibaya.

Mwalimu wa Jioni:

Vihusishi vyote vimekaa vizuri. Lakini umetumia “reason” mara nne katika sentensi tatu, na ya mwisho haiko wazi, kwa kuwa msomaji hajui “this reason” ni ipi kati ya zilizotangulia. Weka “Because of the delay, the work began two weeks behind schedule”, kisha utume.